Usimsukume Beberu Kichwani

Huku Nachingwea ukimuuliza mtu anaogopa mnyama gani, atakutajia nyoka na fisi, na wazee wa upande wa Liwale hawatakosa kutaja simba. Mimi ukiniuliza nitakujibu mbuzi, na nitakujibu kwa dhati. Majeraha niliyoyaona kijijini kwetu kwa macho yangu, mkono uliovunjika, mbavu zilizopasuka, jicho la mtoto lililobaki na doa jeupe, hayakuletwa na wanyama wa porini. Yaliletwa na beberu, ng'ombe aliyetoka kuzaa, na jogoo. Wote walikuwa wanyama wa nyumbani, wamezoea kulishwa pumba na watu wale wale waliowaumiza.

Kila msimu wa korosho ukikaribia nasikia habari kama hizi kutoka kijiji hiki au kile, na watu humalizia kwa kusema, "Yule mnyama alikuwa mkorofi tu." Sikubali. Ukorofi mwingi wa mifugo nimeuona ukifundishwa, taratibu, na watu wanaoipenda mifugo hiyo.

Chukua beberu wa mjomba. Mama yake alikufa muda mfupi baada ya kuzaa, kikabaki kitoto kinalia uani. Kwetu Wamwera neno la mjomba ndilo linalofuatwa, na mjomba alisema watoto wa nyumbani wakilee kwa chupa. Walikilea vizuri mno. Kililala jikoni kwenye joto la mafiga, kikawafuata hadi kisimani, kikaingia ndani hata wageni wakiwepo. Mchezo wao mkubwa ulikuwa mmoja: mtoto anaweka kiganja kwenye paji la uso la mbuzi na kusukuma, mbuzi naye anasukuma. Mtoto akizidiwa anarudi nyuma, kila mtu anacheka. Mgeni akifika anaonyeshwa.

Kwa mbuzi dume kusukumana vichwa ni jambo zito. Ndivyo wanavyopimana na kuamua nani atangulie kwenye majani na nani apishe. Ukimsukuma pajini umejiweka kwenye mashindano naye, na ukirudi nyuma huku unacheka umemwachia ushindi. Halafu kuna hili: beberu aliyekulia jikoni hajawahi kupigwa kikumbo na mabeberu wakubwa zizini, hivyo hajafundishwa mpaka wake uko wapi. Mbuzi wa kundini ukimsogelea atajivuta hatua mbili tatu pembeni. Woga ule mdogo ndio unaokulinda wewe. Wa mjomba hakuwa nao hata chembe.

Mwaka ulipopita pembe zilikuwa zimekomaa na shingo imejaa. Akaanza ile tabia ya mabeberu ya kujikojolea ndevu na miguu ya mbele, kunyanyua mdomo wa juu akinusa hewa, na kutoa ulimi akibwabwaja nyuma ya majike. Mbuzi dume akifika hapo hata mpole hubadilika. Watoto wakaanza kuzunguka nyuma ya nyumba wakienda chooni ili wasikutane naye. Hakuna aliyewauliza kwa nini. Siku hizi nikiona watoto wa nyumba fulani wamebadilisha njia, nauliza.

Kisha ukaja msimu wa mabibo. Korosho zinazoanguka huokotwa chini, kila moja ikiwa bado na bibo lake, lile tunda lenye maji. Mtu anainama, anaokota, analinyonyoa bibo, anasogea, anainama tena. Kutwa nzima mgongo uko juu na uso uko chini. Mbuzi nao wanayapenda mabibo kupita kiasi. Kwa hiyo mwokotaji na beberu wanakutana chini ya mkorosho mmoja, wanagombea kitu kimoja, na mmoja wao hamwoni mwenzake.

Bibi alikuwa chini ya mti wa pili kutoka kwangu. Nilichosikia kwanza ni ndoo kubingirika. Kondoo dume hurudi nyuma kisha huja mbio kwa kichwa. Beberu hunyanyuka kwa miguu ya nyuma, hukunja shingo upande, halafu huteremka na uzito wake wote. Mtu aliyesimama pigo humfika kwenye paja au kiunoni. Aliyeinama humfika begani na kichwani. Bibi alijikinga kwa mkono wa kushoto, ukavunjika juu kidogo ya kifundo. Nilipofika, beberu alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwake, povu la bibo jekundu linamtoka mdomoni, ndevu zimelowa, na hakuwa na haraka ya kuondoka. Nilimpiga usoni kwa ndoo tupu. Akanyanyuka tena kwa miguu miwili, safari hii akinielekea mimi. Kilichomtuliza ni gunia. Nililitanua kwa mikono yote miwili mbele yangu, likanifunika kuanzia kifuani hadi magotini, na alipokosa kitu cha kulenga akashuka, akageuka na kuanza kula.

Tangu siku hiyo gunia tupu halikosekani begani kwangu ninapookota. Fimbo kwa beberu aliyechachamaa ni kama kumjibu. Anaona umekubali pambano. Kitu kipana kisicho na kichwa wala mikono kinamchanganya, na unapata nafasi ya kujivuta hadi kwenye shina la mti.

Bibi alikaa na plasta msimu mzima. Wanaoishi kwa korosho wanajua maana yake: kilo ambazo hazikufika ghalani, na shuka, sare na mbegu ambazo hazikununuliwa. Mpaka leo mkono ule haubebi ndoo ya maji iliyojaa.

Bwana mifugo alipoitwa alikuja na lile koleo la kuhasi linaloponda mishipa bila kupasua ngozi. Alimtazama beberu akatuambia wazi kwamba tumechelewa kumwita. Dume akihasiwa akiwa na miezi michache hukua mtulivu, hunenepa, na nyama yake haina harufu. Dume aliyekwisha kuzoea kupiga watu anaweza kuendelea kupiga hata baada ya kuhasiwa, maana tabia imeshakaa. Mjomba aliamua achinjwe. Watoto walilia sana, na sikuwalaumu. Walikuwa wamempoteza mwenzao, na hakuna mtu mzima aliyewahi kuwaambia kwamba mchezo ule una madhara.

Nyumbani kwetu sasa paji la uso la mbuzi dume haliguswi na mtu yeyote, hata akiwa na umri wa siku tatu. Ukitaka kumbembeleza, mkune chini ya kidevu, shingoni au kifuani. Kitoto kilichofiwa na mama tunakipeleka kwanza kwa jike mwingine aliyezaa tuone kama atakubali kukinyonyesha. Ikishindikana, kinanyweshwa chupa kupitia kwenye fito za banda, nacho kiko ndani na wenzake. Kinashiba, lakini kinabaki mbuzi. Madume tusiowahitaji kwa uzazi wanahasiwa mapema. Kipindi cha mabibo beberu hafunguliwi kabisa watu wakiwa chini ya mikorosho. Anapelekewa mabibo bandani, tena kwa kiasi, maana yakizidi huchachia tumboni na ubavu wa kushoto ukavimba gesi hadi mnyama akashindwa kupumua. Na kama kuna anayepika uraka, ile pombe ya mabibo, nyumbani, mashapo yafukiwe au yatupwe mbali na mifugo.

Kwa upande wa ng'ombe, lazima niseme kitu kuhusu historia yetu. Sehemu kubwa ya Lindi na Mtwara ni nchi ya mbung'o, na ugonjwa wa nagana wanaouambukiza ng'ombe uliwafanya babu zetu wabaki na mbuzi, kuku na jembe. Mtoto wa kusini hakukua akitumwa kuchunga ng'ombe kama mtoto wa Shinyanga au Mara. Kisha mwaka 2006 na 2007 wafugaji walipoondolewa kwenye mabonde ya Usangu na Ihefu, wengi walielekezwa mkoani Lindi, na makundi makubwa yakaingia Kilwa, Lindi na wilaya nyingine ambako watu walikuwa hawajawahi kupishana na ng'ombe mia njiani. Ugomvi wa mashamba ulianza mapema na wengine wameuandika sana. Ninachotaka kueleza hapa ni kwamba wenyeji tulianza kununua ng'ombe bila kununua na elimu yake.

Mimi elimu hiyo niliipata kwa mzee mmoja wa Kisukuma anayeishi ng'ambo ya mto. Nilipomnunua mtamba wangu wa kwanza alikuja kumtazama, akasimama nje ya zizi kwa muda mrefu bila kusema kitu. Halafu akaniambia, "Binti yangu, unamtazama macho. Tazama masikio na mkia." Masikio yakikugeukia yote mawili, anakufuatilia. Mkia ukikaza au ukianza kuchapa bila nzi, kuna kinachomkera. Kichwa kikishuka chini ya mgongo na pumzi ikasikika, toka.

Alinifundisha namna ya kumwendea. Macho ya ng'ombe yako pembeni mwa kichwa, anaona karibu pande zote, ila nyuma yake kabisa na mbele ya pua yake hapaoni vizuri. Anayemtokea kwa nyuma kimya anamshtua, na ng'ombe aliyeshtuka hupiga kwanza. Nenda kutokea upande wa bega, ukiongea, mwite jina lake, mwekee kiganja mgongoni kabla hujashuka kwenye kiwele. Teke la ng'ombe nalo lina njia yake: mguu huanza kwenda mbele, ukazunguka nje kwa upande, ndipo ukarudi nyuma. Anayesimama pembeni mwa paja, umbali wa mkono mmoja, amesimama pale pale pigo linapofika na nguvu zake zote. Mkamuaji yuko salama zaidi akimkaribia kabisa, bega lake likigusa ubavu wa ng'ombe, kwa sababu hapo anahisi uzito ukihama kabla mguu haujanyanyuka. Mzee huyo hakamui kabisa bila kufunga miguu ya nyuma, hata ng'ombe aliyemzoea miaka mingi, na sijaona sababu ya kuwa jasiri kuliko yeye.

Akina mama wenzangu, kanga. Upepo wa kusi ukivuma, ncha ya kanga inapepea nyuma yako na hujui. Watu husema ng'ombe anachukia rangi nyekundu, lakini macho yake hayaitofautishi nyekundu kama yetu. Kinachomtia wasiwasi ni kitu kinachochezacheza. Mimi siingii zizini bila kufunga kanga kiunoni kwa fundo na kuchomeka ncha zote.

Kamba ina habari yake. Kijana mmoja wa jirani alikuwa akimpeleka ndama dume kwenye maji, akaizungusha kamba mara mbili mkononi ili asimponyoke. Pikipiki ikapita. Ndama aliruka, kamba ikajikaza kwenye vidole, na kijana akaburutwa hadi kamba ilipochuna ngozi ya vidole viwili mpaka mfupa ukaonekana. Kamba haizungushwi mkononi wala kiunoni, hata ya mbuzi. Inakunjwa na kushikwa kiganjani kama unavyoshika kitabu kilichofungwa, ili ukiachia iachie. Mnyama aliyekimbia atapatikana.

Mbavu nilizozitaja mwanzoni ni za mama mdogo. Ng'ombe wake alikuwa mpole kiasi kwamba wajukuu walimpanda mgongoni. Alizaa usiku, na asubuhi mama mdogo akaenda kumpongeza, mbwa wa nyumbani akimfuata nyuma. Ng'ombe alimwona mbwa. Kwa ng'ombe mwenye ndama wa saa chache mbwa ni adui tu, hata awe amelala mlangoni pake miaka yote. Alimfuata mbwa, mbwa akakimbilia kwa bosi wake kama mbwa wote wanavyofanya, na ng'ombe akafika na kasi ile ile. Alimwangusha mama mdogo na kumkandamiza chini kwa paji la uso. Hakutumia pembe. Kilichomwokoa ni kwamba aliangukia karibu na uzio akabiringika chini ya fito ya mwisho.

Kwa siku za kwanza baada ya kuzaa, mwendee ng'ombe mtu mmoja tu anayemzoea, mbwa afungwe, na ndama asishikwe mama akiwa huru. Kama lazima umguse ndama, weka fito au ukuta kati yako na mama yake. Usiingie katikati yao kamwe. Kondo la nyuma nalo usilishike kwa mikono mitupu, hasa kama mimba imetoka kabla ya wakati, maana ugonjwa wa kutupa mimba unamwingia na mtu, na kwa sababu hiyo hiyo maziwa yachemshwe.

Fito ile ya mama mdogo ndiyo iliyonifanya nijenge zizi langu upya. Kila zizi linahitaji mahali ambapo mtu anapita na ng'ombe hapiti. Nimesimamisha nguzo mbili kila upande zikiwa zimeachana sentimita 35 hivi. Mtu mzima anapenya kiubavu bila kufungua chochote, ng'ombe mkubwa anakwama kichwa na mabega. Hori la chakula na ndoo ya maji viko ukingoni, navijaza nikiwa nje. Kazi nyingi zilizokuwa zinanilazimu kuingia ndani sasa nazifanya bila kuingia, na hilo limenisaidia kuliko ujuzi wote wa kusoma masikio.

Jogoo watu wanamdharau. Hawa wa aina ya Kuchi, warefu, wenye miguu minene, wakiruka mwiba wao wa mguuni unafika usoni kwa mtoto aliyeanza kutembea. Jogoo anayemrukia mtoto hapewi nafasi ya pili kwangu, ni mchuzi. Jicho halina mbadala.

Kuhusu mbwa nitasema machache yenye uzito. Ukiumwa, osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo ukaanze chanjo ya kichaa cha mbwa. Usisubiri kuona mbwa atakuwaje, wala usipake mafuta au majani. Dalili zikishaanza kwa binadamu karibu hakuna anayepona. Ng'ombe na mbuzi nao huupata ugonjwa huu. Mnyama mtulivu akibadilika ghafla, analia kwa sauti ngeni, anatokwa na mate na hamezi, watu wengi hudhani amekwamwa na embe au muhogo kooni na wanaingiza mkono mdomoni kukitoa kilichokwama. Usiingize mkono. Mfungie peke yake, watoto wakae mbali, mwite mtaalamu wa mifugo. Na jeraha lolote la zizini, hata la kuchomwa na msumari kwenye samadi, liulizie chanjo ya pepopunda.

Sasa hivi tuna mjadala nyumbani. Mtamba wangu wa pili amefikia umri wa kupandwa, na mjomba anataka tununue fahali tukae naye, kwa hesabu kwamba majirani watalipia. Hesabu yake naielewa. Lakini fahali peke yake, kwenye ua ambao watoto wanapita kwenda shule, simtaki. Fahali akikutishia hugeuka ubavu kwanza ili uone ukubwa wake, anainamisha kichwa, anaparua ardhi kwa kwato, ananguruma chini kwa chini. Mtu mzima anayezijua dalili hizo atarudi nyuma polepole bila kumpa kisogo, hadi kwenye mti au uzio. Mtoto wa darasa la pili atakimbia, na atafuatwa. Na fahali anayelelewa pweke, bila ng'ombe wenzake, ni yule beberu wa jikoni akiwa na kilo mia nne.

Nimemwambia mjomba, kwa heshima yote, kwamba nitamngoja mtaalamu wa uhimilishaji, anayepandikiza mbegu bila fahali, hata kama atachelewa, na akikosekana nitampeleka mtamba kwa yule mzee ng'ambo ya mto, ambaye fahali wake anaishi kundini na ana watu wanaojua kumshika. Mjomba bado hajajibu. Amesema atalifikiria baada ya mnada wa kwanza wa korosho.